Unataka kuwa afisa wa KDF, jeshi la Kenya? Fikiria kazi kwanza, yunifomu baadaye

Kila tangazo la kadeti (wanafunzi wa uafisa) likitoka kwa gazeti, swali ni lile lile, "nikiingia wanahewa nitakuwa rubani?" Pole pole bana. Wanahewa wako na maafisa kibao ambao kazi yao si kurusha ndege, kuna wa rada, wa ufundi, wa stoo, wa kulinda kambi, na marubani wenyewe wanachujwa tena, macho yakikataa ndio basi. Kwa hivyo jiulize hivi, wakikwambia hutarusha, utakubali kukaa Laikipia Air Base kule Nanyuki ukisimamia mafundi miaka kadhaa na moyo wako utulie? Kama itakukera, angalia kwingine mapema.

Jeshi la nchi kavu ndilo kubwa na ndiko wengi wanaangukia. Ukitoka chuo cha maafisa cha Lanet, Nakuru, na cheo cha luteni wa pili unapewa platuni, watu kama thelathini hivi, na sajini ambaye alikuwa jeshini ukiwa bado unanyonya, sasa wewe ndiye bosi wake hahaha. Kama unapenda watu, kuwaongoza, kulala nao kwa baridi, hapo ndio kwako. Lakini ujue pia Somalia, tuko huko tangu Oktoba 2011, na msitu wa Boni kule Lamu, ambako jeshi linawasaka al-Shabaab. Ongea na wazazi kabla. Ndani yake kuna askari wa miguu, mizinga, vifaru, wahandisi, mawasiliano, kwa hivyo hata huko bado kuna kuchagua.

Wanamaji watu wanawadharau eti ni wachache, hutapanda. Si kweli, Jenerali Kibwana na Jenerali Mwathethe wote walitoka wanamaji na wakafika juu kabisa, wakuu wa jeshi lote. Na 2012 Kismayu kule Somalia iliingiliwa na jeshi letu kwa bahari pia, si barabara tu. Shida yake ni siku nyingi baharini, kichefuchefu, na familia imebaki Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa, inakungoja. Halafu usidanganywe na sinema, kapteni wa wanamaji wetu ni cheo kile kile cha kapteni wa nchi kavu, si ati mzee wa meli.

Kama tayari uko na digrii ya udaktari au uhandisi, usikimbilie ukadeti wa kawaida, angalia zile nafasi za maafisa wataalamu, umri wao unaruhusiwa zaidi kidogo. Gredi na umri soma kwa tangazo la mwaka huo, usiulize jirani, na mtu akikuitisha pesa ya "kukuwekea jina" ripoti, kuandikishwa ni bure.

Jambo la mwisho, jeshi linakupanga kulingana na mahitaji yake. Kwa hivyo kwa intavyuu wakikuuliza unataka wapi, taja la kwanza na sababu yake ya kazi, alafu uwe na la pili ambalo unaweza kulieleza bila kununa.