Namna ya Kuigeuza The Great Gatsby Kuwa Filamu

Anayetaka kuigeuza The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald kuwa filamu na aanze kwa kujiuliza hadithi hii inaonwa na nani, kabla hajafikiria magari, magauni wala jumba la sherehe. Riwaya hii iliyochapishwa mwaka 1925 ina sura 9 tu, na kisa chake ni kifupi: Gatsby, askari asiye na kitu, anampenda Daisy, binti wa tajiri, anajitajirisha kwa magendo, kisha ananunua jumba ng'ambo ya ghuba, mkabala na nyumba ya Daisy, ambaye sasa ni mke wa mtu. Kinachokipa kisa hiki uzito ni jirani anayekisimulia, Nick Carraway, ambaye anamdharau Gatsby na kumstahi kwa wakati mmoja. Bila Nick, kinachobaki ni mapenzi ya kawaida.

Kwa hiyo isome riwaya ukiwa na kalamu mkononi, utenganishe yale ambayo Nick aliyaona mwenyewe na yale aliyosimuliwa. Mapenzi ya Gatsby na Daisy mjini Louisville mwaka 1917, kwa mfano, anayapata kwa Jordan Baker, rafiki wa Daisy. Mwandishi wa skripti hushawishika kuyarudia kwa picha nzuri za ujana, lakini mimi naona ni heri kamera ibaki usoni mwa Jordan, ili mtazamaji naye asiwe na hakika. Mwongozaji Baz Luhrmann, katika filamu yake ya The Great Gatsby ya mwaka 2013, alimweka Nick hospitalini akiandika kumbukumbu zake, jambo ambalo halimo kitabuni. Mbinu hiyo inaipa sauti ya msimulizi mahali pa kutokea, ila ina hatari yake: sauti ikisema kile ambacho picha imekwisha kukionyesha, ifute sauti.

Sura ya 5 ndiyo ya kufanyia kazi kwa muda mrefu kuliko zote. Daisy anakuja kunywa chai nyumbani kwa Nick, mvua inanyesha, na Gatsby, akijifanya hana wasiwasi, anaegemea rafu ya juu ya meko hadi kichwa chake kinaisukuma saa mbovu iliyowekwa hapo, naye anaidaka kwa vidole vinavyotetemeka na kuirudisha mahali pake. Usiongeze maneno hapo, wala usiisogelee saa hiyo mno, kwa kuwa mwigizaji mwenye vidole vizuri anatosha. Kisha Nick anatoka, anasimama chini ya mti kwa nusu saa, na anaporudi Daisy ana machozi usoni na Gatsby anang'aa kwa furaha. Walizungumza nini? Fitzgerald hakuandika, na wewe usiandike: kamera itoke na Nick, ikae naye mvuani. Muda mfupi baadaye Daisy anazililia shati za Gatsby zilizorundikwa mezani, na hapo mali na mapenzi yamefungwa pamoja bila ufafanuzi wowote.

Sherehe zinahitaji nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Katika sura ya 3 Nick anazungumza na mtu mezani bila kujua kwamba ndiye Gatsby, basi usimtambulishe mhusika huyo kwa fataki na muziki, bali mwache aketi kama mgeni mwingine. Katika kumchagua mwigizaji wa Daisy, zingatia sauti kabla ya uso, kwani Gatsby mwenyewe anasema kwamba sauti ya Daisy imejaa fedha. Ukilazimika kupunguza, punguza orodha ya wageni, lakini usiguse mazishi ya Gatsby wala ujio wa baba yake mzazi, maana ndipo inapoonekana nani aliyempenda Gatsby kwa kweli.

Kuhusu hakimiliki, riwaya yenyewe imekuwa mali ya umma nchini Marekani, yaani hailindwi tena na hakimiliki, tangu tarehe 1 Januari 2021. Filamu zilizotokana nayo za mwaka 1974 na 2013 bado zinalindwa, kwa hiyo pitia skripti yako tukio kwa tukio, na lolote ambalo huwezi kulionyesha katika kurasa za kitabu, wala hukulibuni mwenyewe, liondoe kabla ya kumpelekea mtayarishaji.