Jinsi ya kumwonjesha mwenzako kitabu mpaka akiombe mwenyewe

Muuguzi mmoja kijana, jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, alinijia barazani jioni moja mwezi uliopita, riwaya ya Vuta n'kuvute ya Adam Shafi ameikumbatia kifuani. "Shikamoo shangazi. Kitabu hiki nimewaeleza wenzangu mpaka koo limenikauka, na hakuna hata mmoja aliyekiomba." Nikamwambia, marahaba mwanangu, kaa, nieleze na mimi kama ulivyowaeleza wao. Akaanza: dhamira kuu, ujumbe, wahusika na sifa zao, mandhari, muundo. Kumbe aliwapa majibu ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyekwisha kupewa majibu atakifungua kitabu atafute nini?

Tulikaa jioni mbili tukalitengeneza jambo hilo. Naandika tulivyofanya, kwa sababu ninakaa na wasomaji wenzangu kila mwezi, mwaka wa kumi na moja sasa, na shida hii imenipata mimi kabla yake.

Hatua ya 1: Kusanya watu

Wanne hadi wanane, siku isiyohamahama. Sisi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya alasiri. Mkeka, kahawa, kashata.

Hatua ya 2: Chagua kitabu

Kimoja tu, na kiwe ulichokisoma mara mbili. Nakala iwe ya karatasi, iwe mkononi mwako. PDF za kurushiana kwenye simu sizitaki katika kikao changu. Mwandishi hapati hata senti, na faili walilopewa watu ishirini kwa pamoja hulala kwenye simu zote ishirini, maana hakuna anayengoja zamu. Kitabu kimoja chenye watu watatu wanaokisubiri husomwa usiku kucha. Kama fedha haijapatikana, azima Maktaba ya Mkoa.

Hatua ya 3: Tafuta ukurasa wa kusoma kwa sauti

Hapa ndipo kazi ilipo. Usikisifu kitabu, kisome. Lakini ukurasa upi?

Mara ya kwanza nilipoleta Kusadikika nilidhani kazi ni nyepesi. Shaaban Robert ni wetu, kazaliwa Machui mwaka 1909, na huko huko ndiko alikozikwa. Nikafungua mwanzo kabisa, nikasoma maelezo ya ile nchi iliyo angani. Lugha ni ya kupendeza, nami naipenda mpaka leo, ila wenzangu walianza kutazama simu kabla sijageuza ukurasa. Niliumia. Nikarudi nyumbani, nikakaa jioni tatu nasoma vipande mbalimbali mbele ya mwanangu, namwangalia uso. Kilichomshika kilikuwa pale Karama anaposimama barazani mbele ya mfalme, na Waziri Majivuno anamshtaki kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria. Mtoto akauliza, "Sasa atajitetea vipi?" Swali hilo ndilo unalolitafuta. Kikao kilichofuata nilisoma hapo hapo, na nakala yangu ilikaa mikononi mwa watu miezi mitano.

Tangu hapo naangalia mambo haya. Awepo mtu aliyebanwa, mwenye jambo la kuamua au la kuogopa. Majina yasizidi matatu, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji. Muda usipite dakika nne, na upime kwa saa, usikisie. Uusome ukurasa huo kwa mdomo angalau mara tatu nyumbani. Jicho huruka neno gumu, ulimi haukubali. Ukikuta maneno mengi ya kueleza, tafuta ukurasa mwingine. Kubadili maneno ya mwandishi ili yawe mepesi ni kosa, hata kama nia ni njema.

Uishie kabla jambo halijafunguka. Kwa riwaya za upelelezi hili ni lazima kabisa. Ukileta Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, soma pale Bwana Msa, yule mpelelezi, anapoanza kuuliza maswali, na sehemu ya mwisho ya kitabu usiiguse hata kwa kidokezo.

Ushairi una njia yake. Utenzi ukiusoma kama barua ya ofisi umeuua. Hapa Tanga hatujakosa watu wanaojua kughani, basi mwombe mmoja akughanie beti tano au sita, nawe ushike kitabu kando yake.

Jambo la mwisho, angalia nani ameketi. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na mimi nakiona ni kitabu ambacho kila mzazi akisome. Lakini palipo na baba na binti yake, au mtu na mkwewe, chagua ukurasa ambao hautamlazimu mmoja kuinuka. Akisha kukichukua, mengine atayakuta peke yake.

Kwa Vuta n'kuvute hatukuhangaika sana. Yasmin yupo tangu mwanzo, binti wa Kihindi aliyeozwa angali kigoli kwa Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Tukaanzia hapo hapo. Kilichotuchukua muda ni mahali pa kukomea, kwa kuwa muuguzi wangu kila mara alitaka kuongeza aya moja.

Hatua ya 4: Sema sentensi mbili kabla ya kusoma

Ulikisoma ukiwa wapi, na kilikufanya nini. Muuguzi alisema alikisoma zamu za usiku, na alipokimaliza alimpigia simu dada yake ambaye hawakuwa wakisemezana. Hakuna uhakiki utakaoshinda maneno hayo.

Hatua ya 5: Nyamaza

Weka kitabu katikati ya mkeka. Atakayekigusa wa kwanza ndiye mwenye zamu.

Hatua ya 6: Daftari

Jina, tarehe, wiki tatu. Jalidi kwa karatasi ya kaki, na msimu wa masika usikiegemeze ukutani, ukungu hauna huruma.

Hatua ya 7: Sasa mlete mwandishi

Habari za mwandishi hunoga kwa aliyekwisha kumsoma. Aliyerudisha Kusadikika ndipo mpe Wasifu wa Siti binti Saad, aone mkono ule ule ukimwandika mwimbaji. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari wetu aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi walimjua kwa habari za redioni tu; tulipopata Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, nilisoma kipande cha Yusuf, mtoto aliyetolewa kulipia deni la babake, bila kutaja tuzo. Walipouliza kaandika nani, nikawatajia.

Muuguzi alisoma Jumapili hii iliyopita. Alikomea pale tulipokubaliana, akakifunga kitabu, mikono inatetemeka kidogo. Fundi cherehani wa barabara ya kumi na mbili akakivuta kwake kabla kahawa haijamiminwa, na chini ya jina lake kwenye daftari kuna majina mengine mawili.