Namna ya kusoma posa tatu za Elizabeth Bennet

Ninaposoma Pride and Prejudice ya Jane Austen na mabinti wa kaka yangu hapa Rau, Moshi, hatuanzii mwanzo. Riwaya ilitoka mwaka 1813, ina sura 61, na msichana aliyezoea kusoma kwenye simu atachoka kabla hajafika penye utamu. Fungueni sura ya 19, ya 34 na ya 58. Katika zote tatu anaposwa mtu mmoja, Elizabeth.

Kwanza waeleze habari ya mali. Kwa Mchagga haihitaji maneno mengi: shamba la mzee Bennet ni kama kihamba, linashuka kwa wanaume. Ana mabinti watano, Elizabeth akiwa mmoja wao, hana mtoto wa kiume, kwa hiyo akifa linachukuliwa na ndugu wa mbali, mchungaji Collins. Asiyejua hili atamwona mama Bennet ana kichaa cha kuozesha. Mimi humtetea sana yule mama.

Sasa kila posa isomwe kwa swali moja: mwanamume anafanya nini akikataliwa? Nani anapenda zaidi, liacheni kwanza.

Collins anataja sababu zake za kuoa: mchungaji awe mfano kwa waumini, furaha yake itaongezeka, na bibi mkubwa anayemfadhili amemshauri. Hakuna sababu hata moja inayomhusu Elizabeth mwenyewe. Akikataliwa, anasema ndiyo desturi ya wasichana, hukataa hata mara ya pili na ya tatu. Kisha anamkumbusha kwamba kwa umaskini wake huenda asiposwe tena. Simamisheni kusoma hapo, wasichana waseme. Mmoja wa wangu alisema, "Shangazi, huyu nakutana naye stendi kila siku," tukazungumza mpaka giza likaingia.

Darcy, tajiri anayemposa Elizabeth katika sura ya 34, anampenda kweli, lakini anarefusha maneno juu ya unyonge wa ukoo wa Elizabeth. Mdomo unasema ana wasiwasi. Uso unaonyesha jibu analo tayari. Mpaka hapo hajapishana sana na Collins. Akikataliwa anakasirika, anadai sababu, halafu anaomba radhi kwa kumpotezea muda na kuondoka. Kesho yake anamkabidhi barua ya kujieleza na kumhakikishia kwamba ombi lile halitarudiwa. Pigeni mstari hapo. Kwangu mimi, mapenzi ya kitabu hiki yanaanzia kwenye kuondoka kule.

Barua yenyewe ni sura ya 35, na sura ya 36 inamwonyesha Elizabeth akiisoma, akiikunja, akiifungua tena. Someni polepole, kisha mrudi sura ya 16, Wickham, afisa kijana aliyekulia nyumbani kwa kina Darcy, anapomsimulia Elizabeth jinsi Darcy alivyomdhulumu. Wasichana watafute kasoro wenyewe: kijana mzuri wa sura anamwaga siri za familia ya watu kwa msichana ambaye hawajazoeana. Elizabeth, mwenye akili kuliko wote nyumbani kwao, hakuliona hilo kwa sababu Wickham alimpendeza na Darcy alikuwa amemdharau.

Msimruke Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth. Ana miaka 27, anamkubali Collins siku chache tu baada ya Elizabeth kumkataa, na wengi humcheka. Someni sura ya 6: ndiye anayeonya kwamba Jane, dada mkubwa wa Elizabeth, akificha sana hisia zake, Bingley, rafiki wa Darcy anayempenda, hatajua kama anapendwa. Ikatokea hivyo hivyo. Asiyetarajia mapenzi kwenye ndoa ndiye aliyeyasoma vizuri kuliko marafiki zake, na hilo linastahili mjadala wa jioni nzima.

Mkifika sura ya 58, sikilizeni Darcy anavyoongea. Anasema moyo wake haujabadilika, lakini Elizabeth akitamka neno moja tu, atanyamaza milele. Waulize wasichana nini kimembadilisha. Wakikwama, wapeleke sura ya 52, kwenye barua ya mke wa mjomba wa Elizabeth, wasome ni nani aliyelipa madeni ya Wickham ili amwoe Lydia, mdogo wake Elizabeth aliyetoroka naye, na kwa nini hakutaka Elizabeth ajue.