Una ukaazi wa kudumu Uingereza na unakuja Zanzibar kila mwaka? Hesabu siku kabla ya kuomba uraia

Kila Agosti, skuli za Uingereza zikifungwa, baraza letu hapa Kikwajuni hujaa jamaa kutoka London na Leicester. Huja na watoto, na wengi huja na pasipoti mkononi nikae nao tuhesabu. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na bado huniuma kumwona mtu amelipa ada kubwa, amefaulu mtihani, kisha akakataliwa kwa ajili ya siku alizokuja kumuuguza mama yake. Kuja kuuguza si kosa. Kosa ni kuomba katika tarehe isiyofaa, na tarehe hiyo unaichagua mwenyewe.

Kwanza, usichanganye ukaazi na uraia

Ukaazi wa kudumu, ule wanaouita ILR, hupotea ukikaa nje ya Uingereza miaka miwili mfululizo. Basi anayekuja kila mwaka na kurudi huona ukaazi wake uko salama, akadhani na uraia hauna wasiwasi. Uraia una hesabu yake. Katika miaka mitano iliyotangulia siku ya kuomba, usiwe umekaa nje zaidi ya siku 450, na katika miezi 12 ya mwisho usizidi siku 90. Mwenye mume au mke raia wa Uingereza huhesabiwa miaka mitatu na siku 270, lakini zile 90 za mwaka wa mwisho ni zile zile. Asiyekuwa na ndoa hiyo, ukaazi wake wa kudumu uwe umetimiza miezi 12 kabla hajaomba.

Pili, toa pasipoti zote, na ile iliyokwisha muda

Uingereza haipigi muhuri mtu anapotoka, kwa hiyo mihuri ya kwetu ndiyo shahidi wako mkubwa. Mwaka jana bibi mmoja alinifungulia fundo la khanga, ndani mna pasipoti mbili. Muhuri mmoja wa uwanja wa ndege wa Kisauni ulikuwa umefifia hata nikauelekeza dirishani kuusoma. Pale mwezi ulipogoma kabisa, tulitafuta tiketi kwenye baruapepe yake, tukaipata. Fanya hivyo hivyo, usikisie.

Siku unayoondoka Uingereza haihesabiwi kuwa uko nje, wala siku unayorudi. Zinahesabiwa siku nzima tu za katikati. Tuseme uliruka London usiku wa tarehe 3 Juni, ukapigwa muhuri Zanzibar tarehe 4. Ukatoka Zanzibar tarehe 23 Julai, ukatua London asubuhi ya tarehe 24. Tarehe 3 na 24 zitoe. Kuanzia 4 hadi 30 Juni ni siku 27, kuanzia 1 hadi 23 Julai ni siku 23, jumla 50. Ziandike kwenye daftari, kila safari na mstari wake.

Na andika safari zote. Wengi huandika za Zanzibar tu, wakasahau harusi ya Muscat na mapumziko ya Dubai. Hata Umra na Hija ni siku za nje. Kwa Mungu zina malipo yake, kwenye fomu zinahesabiwa kama nyingine.

Tatu, sogeza tarehe ya kuomba

Hapa ndipo ninapotaka mtu atulie. Ile miaka mitano haikuganda. Kila siku unayosubiri, siku moja ya zamani inatoka kwenye hesabu. Bwana mmoja wa Wete alikuwa na siku 503 kama angeomba tarehe 1 Juni. Safari yake ya zamani kuliko zote ilikuwa ya msimu wa karafuu, Julai na Agosti nzima, siku 62. Nikamwambia, ami, ngoja hadi katikati ya Septemba, na kiangazi hiki usisafiri. Zile 62 zikatoka, zikabaki 441.

Lakini kwa nini Septemba, isiwe Julai? Kwa sababu siku ile ile ya kuanza miaka mitano unatakiwa uwe ulikuwa ndani ya Uingereza. Angeomba tarehe 20 Julai, siku yake ya mwanzo ingemkuta Wete, anaanua karafuu juu ya jamvi. Tangu sheria ya 2022 sharti hili linaweza kusamehewa kwa sababu maalumu, lakini kuna haja gani ya kuomba msamaha ikiwa miezi miwili tu itakutoa kwenye tatizo?

Ukiwa umezidi na huwezi kungoja

Kwa kawaida Home Office, wizara ya Uingereza inayoamua maombi haya, husamehe hadi siku 480 kwa miaka mitano, na hadi 100 kwa mwaka wa mwisho, masharti mengine yakitimia. Juu ya hapo utaulizwa sababu, na wataangalia kama nyumba yako, kazi yako na familia yako viko Uingereza kweli. Kama ulikuja kuuguza, ambatisha barua ya hospitali. Cheti cha kifo nacho kiweke. Najua ni uchungu kukipiga picha kwa ajili ya fomu, lakini maneno matupu hayatoshi. Ukizidi sana, kamuone wakili wa uhamiaji kabla hujalipa.

Jambo la mwisho, la huku kwetu

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukishaupata wa Uingereza, wa kwetu unaondoka, na ukija tena kumwona mama huenda ukahitaji viza. Nimewaona waliolijua hilo wakiwa tayari kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Lizungumzeni nyumbani, wazee wakiwepo, kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.