Gari likikuzimikia barabarani, patana bei kabla ya mnyororo

Ndugu zangu wa Dar, gari likikuzimikia pale Ubungo au Tazara, bredauni, yaani gari la kuvuta magari mabovu, inaweza kusimama mbele yako hata hujaita. Usikubali lifungwe mnyororo kabla hamjataja bei. Likishaning'inia, huna tena nguvu ya kupatana.

Sema wazi: kutoka hapa hadi gereji fulani Mwenge, jumla shilingi ngapi, kushusha kukiwemo? Kwa safari fupi, unacholipia zaidi ni kule kuja na kufunga, si kilomita, kwa hiyo anayekutajia bei ya "kwa kilomita" muulize kiwango cha chini ni kipi. Usiku, mvua, au tairi lisilozunguka huongeza bei. Mwambie hayo mapema, asije akapandisha bei mkifika. Bei mkubaliane kwa ujumbe wa simu, na upige picha ya namba ya gari lake.

Jambo linaloniuma ni magari ya otomatiki kuburutwa kwa kamba. Injini ikiwa imezima, pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi, na gia zinasagana zikiwa kavu. Tairi zinazoendesha gari lazima zinyanyuliwe. Kwa magari mengi madogo, hizo ni za mbele. Kama gari lako linaendeshwa na tairi zote nne, dai bredauni ya kulibeba lote juu. Ni ghali zaidi, lakini giaboksi ni ghali mno.

Wenye bima kubwa, someni mkataba wenu leo: baadhi hulipia uvutaji.