Usiliamini faili, iulize kerneli

Nilikuwa na seva ya Linux yenye kadi mbili za mtandao. Pakiti zilizoingia kwa kadi ya pili zilikuwa zinatupwa kimya kimya. Faili langu ndani ya /etc/sysctl.d, saraka ya mipangilio ya kerneli (kiini cha Linux), lilisema wazi kwamba kwenye kadi hiyo, eth1, rp_filter izimwe, yaani kichujio kinachokagua njia ya kumrudia mtumaji wa pakiti:

net.ipv4.conf.eth1.rp_filter = 0

Nililisoma mara tatu, halina kosa. Tangu hapo sianzii kwenye faili, naiuliza kerneli yenyewe:

sysctl -a | grep '\.rp_filter'

Usiisahau ile nukta, la sivyo arp_filter nayo itajichomeka kwenye majibu. Kwangu eth1 ilikuwa 0, ila "all", mpangilio wa kadi zote, ilikuwa 1. Kwa rp_filter, kerneli hulinganisha thamani ya "all" na ya kadi husika, kisha hufuata iliyo kubwa. Sifuri yangu haikuwa na nguvu yoyote. Ukiweka 1, pakiti hutupwa iwapo njia ya kumrudia mtumaji haipiti kadi ile ile. Ukiweka 2, inatosha njia iwepo kupitia kadi yoyote. Nikaipandisha eth1 hadi 2, na pakiti zikapita.

Kanuni hiyo usiihamishie kila mahali. Kwenye mashine isiyopitisha pakiti za wengine, accept_redirects (ruhusa ya kupokea maelekezo ya kubadili njia) ya "all" ikiwa 0 na ya kadi ikabaki 1, kadi itaendelea kuyapokea. Zima zote mbili. Wala usitegemee "default", mpangilio wa kuanzia wa kadi mpya, ibadilishe kadi ambayo tayari ina anwani. Ukitaka kubadilisha ip_forward (ruhusa ya kupitisha pakiti za wengine), ianze hiyo, maana ikibadilika hurudisha mipangilio mingine ya conf kwenye hali ya mwanzo. Na kontena, yaani programu iliyotengwa ndani ya seva, kwa kawaida lina mtandao wake: likague ukiwa ndani yake.

Halafu endesha sysctl --system, inayopakia mafaili yote ya mipangilio, usome majina ya mafaili yanavyopita. La mwisho kutaja mpangilio ndilo linaloshinda. Washa upya seva, kisha uliza tena. Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza kwa sababu mipangilio ya net.bridge (ya daraja la mtandao) haipo kabisa mpaka br_netfilter, moduli ya kuongezwa kwenye kerneli, ipakiwe. Ikichelewa, ulichoandika hakishiki.

Kwa rp_filter, ushahidi ninaoukubali ni huu, hesabu ya pakiti ilizozitupa:

nstat -az TcpExtIPReversePathFilter

Tuma pakiti kwa kadi ile, tazama hesabu, tuma tena. Isipoongezeka na majibu yakarudi, funga kazi.