Chardonnay ya nchi ya baridi kwenye meza ya Iringa

Chardonnay ni divai nyeupe; iliyokulia kwenye baridi, kama ile ya Chablis kule Ufaransa, ina uchachu mkali na harufu ya tufaa bichi na limau. Kosa kubwa ni kuinywa ikiwa baridi kama barafu: harufu hujificha, ukabaki uchachu mtupu. Inywe kwenye nyuzi joto 10 hadi 12.

Iweke kwenye friji kwa muda wa saa mbili na nusu, kisha iache mezani dakika 15. Umeme ukikatika, tumia ndoo yenye nusu maji na nusu barafu, dakika 15 tu. Maji ni ya lazima, kwani barafu peke yake haiigusi chupa yote. Kwa Mafinga mwezi wa Julai, baridi ya usiku nje inatosha kabisa!

Mimina theluthi ya glasi, ushike mguu wake, maana kiganja huipasha divai joto. Perege wa Mtera wa kukaanga kwa chumvi na ndimu ndiye mwenzake. Pilipili nyingi huifanya ichome.

Ikinuka boksi lililolowa, kizibo kimeiharibu na haitengenezeki. Iliyobaki, funga, rudisha kwenye friji, uimalize ndani ya siku tatu.